Sauti Yangu Kwenye Spika za Kanisa

Faustina, uko? Usimwonyeshe mtu hii meseji. Nimejifungia chumbani na mtoto, sitoki.

Si unaijua ile skripti yangu ya Linux, ya kuonyesha maneno ya nyimbo kwenye skrini ya kanisa? Leo ndiyo walikuwa wanaijaribu kabla ya kunikabidhi kompyuta ya usharika.

Nyumbani nilikuwa nasahau kuwasha skrini, basi nikajirekodia onyo: "Washa skrini, wewe mzembe!" Skripti isipoona skrini inalipiga, inarudia mpaka iione. Nikasahau kulifuta. FAUSTINA, NIKASAHAU.

Mchungaji kasimama kutaja wimbo. Nikawasha kompyuta. Spika zote: "Washa skrini, wewe mzembe!" Sauti yangu kabisa!

Mchungaji akageuka, akaitazama skrini. "Mbona imewaka?"

"Washa skrini, wewe mzembe!"

Anajibizana na mashine jamani! Mimi navuta waya, mtoto analia mgongoni. Mama mmoja nyuma yangu: "Kumbe Gwakisa huwa anaambiwa hivi!" Na huyo Gwakisa, mume wangu, yuko palepale kwenye kwaya, kainamisha kichwa.

Kosa nimeliona sasa. Nyumbani naianzisha mwenyewe nikiwa nimeshafungua kompyuta, inajua skrini ni ipi. Kanisani niliiweka ijianzishe yenyewe kompyuta ikiwaka, na sikuiambia skrini ni ipi. Mstari mmoja tu, ule wa DISPLAY, wa kuitajia skrini! Nimeuandika hapa kwenye kompyuta yangu, inakubali. Lakini nani atanipa nafasi tena?

Ngoja, Mchungaji kaandika.

"Mama Tumaini, Jumapili uwahi tuijaribu tena. Ile sauti mwachie Gwakisa."