Hatua ya Pili Kati ya Nne

Mshangano, Songea
14 Januari 2024

Kwako mume wangu Dastan,

Marahaba, maana najua ungeniamkia kama ungekumbuka kuandika. Mimi mzima, goti la kushoto tu ndilo halitaki kunisikiliza. Huko Dodoma unakula?

Shangazi yako Lidwina ananiambia sasa unataka kusomea kulinda mitandao ya kompyuta mpaka cheti cha juu kabisa. Vizuri. Ila nakujua. Ufundi umeme uliuacha katikati, udereva katikati, na yule binti wa Namtumbo naye ukamwacha katikati. Niandikie mpango, hatua kwa hatua, herufi kubwa. Usinipigie simu. Maneno ya simu nitayabandikaje ukutani?

Mkeo mkubwa,
Bibi Kunegunda

Dodoma
2 Februari 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi mzima na ninakula. Mpango wenyewe huu.

Hatua ya kwanza: kujua mtandao unavyofanya kazi, kompyuta zinavyopeana habari. Mtihani Juni hii.
Ya pili: usalama wa ngazi ya kati, kuwazuia wezi na kuwagundua wakishaingia. Mtihani Machi mwakani.
Ya tatu: mtihani wa kuandika wa ngazi ya juu, Novemba mwakani.
Ya nne: vitendo. Unakaa mbele ya mitambo muda wa saa nane, unajenga mtandao na kuulinda, na watahini wameshautegeshea makosa. Juni 2026.

Nasoma alfajiri kabla ya kwenda hospitalini kuhudumia kompyuta zao. Jumamosi nafanya mazoezi kwa ruta mbili chakavu nilizopewa kazini, zile mashine za kuunganisha mitandao.

Mjukuu wako,
Dastan

Mshangano
30 Juni 2024

Mume wangu,

Mzima? Goti limepona lenyewe kwa furaha. Lidwina amenisomea ujumbe wako: UMEFAULU MTIHANI! Nimeshaandikisha misa ya shukrani, Jumapili tarehe 29 Desemba, uje likizo. Jumuiya nzima inajua mjukuu wangu amemaliza, ni mtaalamu mkubwa. Rosemary, ambaye kila siku ni mwanangu nesi, mwanangu nesi, jana alianzisha sala ya mwisho kabla ya wakati. Jirani yetu Pankrasi anatoa mbuzi. Pombe ya komoni nitapika mwenyewe.

Mkeo mwenye raha,
Bibi

Dodoma
11 Agosti 2024

Shikamoo Bibi,

Nashukuru kwa habari ya goti. Mimi mzima wa mwili.

Bibi, nimefaulu hatua ya kwanza tu. Zimebaki tatu. Lakini sitaki uaibike mbele ya jumuiya, kwa hiyo ya pili nimeiruka. Nimejiandikisha kufanya ile ya tatu tarehe 23 Novemba, ili siku ya misa niwe na kitu kikubwa mkononi. Ruta nimeziweka chini ya kitanda. Sasa nakariri maswali ya zamani na majibu yake. Tafadhali usimwambie mtu.

Mjukuu wako,
Dastan

Mshangano
6 Oktoba 2024

Dastan,

Leo sikuiti mume. Afya yangu utauliza siku nyingine.

Nimekaa na barua yako wiki saba. Nisikufiche, mwanzoni niliona umefanya la maana, Rosemary angejulia wapi? Kisha nikakumbuka kipaimara cha baba yako. Nilikuwa nimeshatangaza siku, kimea cha komoni hakijaota vizuri, nikakisaga hivyo hivyo. Wageni walikunywa uji mchungu, na Pankrasi ananicheka mpaka leo. Kosa lilikuwa kutangaza.

Wewe mwenyewe uliniambia magonjwa ya watu yameandikwa kwenye zile kompyuta za hospitali. Mwizi akiingia humo utamsomea majibu uliyokariri? Mjinga wewe. Na mimi mjinga, maana karatasi ipo ukutani, nikasoma neno Juni nikaacha mengine.

Jana baada ya sala nilisimama jumuiyani nikasema, “Nilisema uongo. Dastan amemaliza hatua moja, zipo nne.” Rosemary akauliza, “Sasa mbuzi?” Nikamwambia, “Mbuzi ale majani.”

Leo nimekwenda ofisi ya parokia kubadilisha nia ya misa. Si shukrani tena, ni kuomba. Futa huo mtihani wa Novemba. Toa ruta chini ya kitanda.

Bibi yako

Mshangano
30 Desemba 2024

Mume wangu,

Nimekurudishia jina lako. Barua yako ya kwamba Novemba umefuta niliipata. Kwamba hospitali wamekunyima ruhusa nimesikia, sawa, wagonjwa hawana Krismasi. Goti linauma tena.

Jana katekista alisoma nia kwa sauti, kama nilivyomwandikia: “Kunegunda wa Mshangano anamwombea mjukuu wake Dastan, aliye hatua ya pili kati ya nne.” Kanisa zima liligeuka kunitazama. Nikawatazama na mimi.

Nje Rosemary akanifuata. “Mama Kunegunda, hiyo hatua ya pili ndiyo nini?” Nikamweleza: kuwazuia wezi, na kuwagundua wakishaingia. Akauliza ya tatu. Nikamweleza. Ya nne pia, na zile saa nane, na makosa ya kutegeshewa. Bila karatasi! Mwanawe nesi alikuwepo, akasema hata yeye hakujua.

Ukifeli Machi, niandikie. Ukifaulu, niandikie vilevile, nami nitachora mstari mmoja kwenye karatasi, mmoja tu.

Yule mbuzi wa Pankrasi kumbe alikuwa na mimba. Amezaa wawili. Usiharakishe.

Mkeo mkubwa,
Bibi Kunegunda