Bye ya Katito, 1988

Maximilla dada yangu, nimelia mbele ya wazazi wote shuleni kwa mtoto wangu. Aibu gani hii!

Mwalimu alikuwa anawaelezea watoto eti bye ni maombi. Maombi! Waingereza wa zamani walisema "Mungu awe nawe", wakafupisha mpaka ikabaki hivyo.

Unakumbuka Mama akiniacha shule ya bweni Katito? Aliniambia, "Oriti, nyathina," yaani Mungu akulinde, mwanangu. Prefekti alikuwa karibu. Nikaogopa kuvishwa shingoni ile diski ya kuadhibu wanaoongea Kijaluo, nikamjibu bye tu.

Akauliza, "Bye ni nini?"

Nikanong'ona, "Ni nenda, Mama. Nenda."

Akaenda. Sikumwona tena mpaka mazishi yake.

Maximilla, kumbe ile bye ilikuwa baraka. Mimi nikamtafsiria kama mtu anayefukuza kuku.