Simu ya Marehemu na Fomu ya Safari

Mpendwa Mshauri Teresia,

Kwa jina la Mungu, mfariji wa wafiwa, nakusalimu wewe na wasomaji wako. Naomba msaada, nami nimechoka. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu ya Watanzania hapa London, mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na mitatu, na juma lililopita tulifiwa na mwenyekiti wetu, Mzee Ulimboka wa mtaa wa Edmonton, ambaye mwili wake unatakiwa kusafirishwa kwenda Tukuyu, na kampuni ya mazishi imetuma fomu ya idhini kwenye barua pepe ya jumuiya, ile ninayoifungua kwa programu iliyomo katika kompyuta yangu hapa Hayes, lakini tangu Jumatatu programu hiyo inalikataa neno la siri tulilolitumia miaka yote, lile tunalolitangaza kikaoni, inataka niingie kwa njia mpya ya usalama na kuthibitisha kwa tarakimu zinazotumwa kwenye simu, na simu iliyoandikishwa ni ya marehemu. Nimewaomba waitume fomu kwingine, wakajibu kwamba anwani iliyo katika faili ndiyo hiyo, nayo fomu isiporudi kabla ya Ijumaa nafasi ya ndege itapotea. Mjane, Mama Blandina, ameifungia simu sandukuni pamoja na nguo za marehemu, kwa kuwa mimi mwenyewe nilisimama mbele ya waombolezaji nikaagiza kitu chake chochote kisiguswe hadi siku ya kuondoa matanga. Mweka hazina wetu, Godlisten, ananicheka: "Mzee Katibu, sheria yako imeanza na wewe!" Nitarudije kwa mjane kuitengua kauli yangu?

Mzee Elkana, Hayes

Mzee Elkana,

Pole kwa msiba. Sasa nisikilize. Unasema umechoka, aliyechoka zaidi ni Mama Blandina, asiyejua kwa nini safari ya mumewe imekwama. Unamlinda marehemu, au unailinda kauli yako?

Matanga yanazuia kugawa vitu, hayamzuii mjane kusoma ujumbe katika simu ya mumewe. Basi wewe usiiguse. Leo hii chukua kompyuta, nenda Edmonton pamoja na mzee mwenzako. Haya si maneno ya kupigiana simu. Mwambie: "Mama, niliagiza bila kufikiri, unisamehe." Simu ichajiwe, aishike yeye. Wewe fungua mipangilio ya akaunti, na kwenye njia ya kuthibitisha utambulisho ondoa neno la siri la kawaida, uchague OAuth2, ndiyo hiyo njia mpya ya usalama, kwa barua zinazoingia na zinazotoka pia. Ukurasa wa kuingia ukifunguka, andika neno la siri, naye atakusomea tarakimu. Ukishaingia, andikisha namba yako na ya mzee mwingine, ndipo uitoe ya marehemu. Na hilo neno la siri mnalolitangaza kikaoni, libadilishe papo hapo.

Fomu ijazwe mezani kwake, aione ikiondoka.

Mungu ampe mjane usingizi, amfikishe Mzee Ulimboka kwao, na nyumba yako, Mzee wangu, aijaze amani.