Nyumba ya Kuta Nene Lodwar

Jumanne, Februari 2013. Jua limeamka na hasira, na hata upepo ni wa moto.

Leo nimeogopa vibaya.

Jana nilitoka Kakuma kumleta Wekesa wangu hospitali hapa Lodwar. Ana miezi mitano. Homa imeanza kushuka, lakini titi amelikataa tangu jana jioni. Asubuhi muuguzi akaniambia, "Mama Wekesa, asiponyonya kufikia saa tisa, mrudishe tumlaze."

Chumba nilichokodi mtaa wa Nawoitorong ni mabati matupu, hakukaliki. Nikambeba, nikatembea mjini kutafuta kivuli. Na niseme ukweli, nilitaka pia kuona zile nyumba za zamani za mkoloni. Mama gani anatembea kuangalia nyumba na mtoto mgonjwa?

Mimi.

Nyingine zimebaki kuta tu, mbuzi wanalala barazani. Nyuma ya maduka nikakuta moja kubwa ya mawe, madirisha hayana vioo. Nyanya mmoja Mturkana alikaa mlangoni akisuka kikapu. Nikamsalimia, "Ejok." Akamgusa Wekesa shavuni, akashtuka.

"Wewe mama, unapika mtoto? Ingia ndani!"

Ndani kulikuwa na baridi, sikuamini. Nikapima ukuta pale dirishani, ulikuwa mnene kuliko mkono wangu hadi kiwiko. Nyanya akacheka. "Mzungu iliogopa jua. Ikaenda kwao, baridi ikaachia sisi."

Nikaketi sakafuni, nikamvua Wekesa shati, nikampa titi. Akageuza uso. Nikampa tena, akalia.

"Wacha kusukuma," nyanya akasema. "Ngoja mwili ipoe."

Tukangoja. Mimi nikiomba kimoyomoyo, yeye akisuka. Halafu Wekesa mwenyewe akageuka, akalishika. Nikasikia anameza.

Nikalia kama mtoto. Nyanya akajifanya hanioni.

Saa tisa nilimrudisha hospitali hata hivyo, muuguzi akampima, akatabasamu, akasema kesho tunaweza kurudi nyumbani.

Nyanya aliniambia ile nyumba wanataka kuibomoa wajenge maduka. Mimi ni nani wa kuwakataza? Lakini kesho, kabla ya gari la Kakuma, nitapita nimpelekee nyanya sukari na majani ya chai, na niipige picha hata kwa hii simu yangu mbovu. Wekesa akikua aione.

Ngoja kwanza. Ameamka, analitafuta titi. Ni mara ya nne tangu mchana.

Naweka simu chini.