Jirani Aliyeleta Habari za Msiba

Mjukuu wangu Elia,

Marahaba, salamu zako zimenifikia. Hapa Itigi tu wazima. Shangazi yako ameshavuna alizeti, na mguu wangu sasa unanifikisha kanisani.

Umeuliza kwa nini babu yako, miaka yote ile kwenye kikundi cha maigizo, hakuwahi kuwa mhusika mkuu. Aliwahi kuombwa.

Kulikuwa na mchezo ambamo yeye alikuwa jirani anayemletea mama habari za msiba. Aliingia mara moja tu, akasema, "Mama Juma, kaa chini kwanza," basi. Tulikuwa tumetoka kumzika mtoto wetu wa kwanza, Neema, kikundi kilipoitwa Manyoni. Kiongozi wao akamwambia apumzike. Babu yako akajibu, "Sehemu yangu ni ndogo, nitaiweza."

Mimi nilikaa mbele. Aliingia, akamtazama yule mama, na maneno hayakutoka. Akakaa chini yeye. Yule mwigizaji akapiga magoti, akamshika mikono, akamuuliza taratibu, "Ni mwanangu?" Babu yako akaitikia kwa kichwa. Ukumbi mzima ukalia.

Baadaye kiongozi alitaka kumpa nafasi ya baba, mhusika mkuu. Akakataa.

"Yule baba anaongea sana," aliniambia tukirudi kwa treni. "Mimi sina tena maneno mengi."

Mpaka leo wazee wa Manyoni huniambia yule jirani alijua kuigiza. Huwa nawashukuru tu.

Mungu akutunze huko uliko.

Bibi yako