Nimechutama Mbele ya Daktari

Arusha, nyumbani kwa Neema

Mdogo wangu Gwandu,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, maana najua utajifanya umesahau. Hamjambo hapo Tumati? Mvua imeshuka? Ng'ombe wangu bado ni wangu?

Mimi ni mzima kabisa. Jana nimeshindana mbio na vijana wa mtaa huu nikawaacha mbali. Haya, uongo. Nimetembea na fimbo mpaka dukani, na kuku akanipita. Lakini nimetembea, Gwandu, kwa miguu yote miwili.

Si uliona punda walivyokimbia na mkokoteni, mimi nikaruka kama kijana, nikatua wima? Daktari alinionyesha picha. Muundi ulipasuka chini kabisa, pale unapokalia kifundo cha mguu, vipande vipande kama chungu kilichoanguka. Mguu ulikuwa umevimba, hawakuthubutu kupasua. Wakaushikilia kwanza kwa vyuma vya nje. Uvimbe uliposhuka ndipo wakaingiza bamba na skrubu. Sasa nina chuma kingi kuliko jembe lako.

Kabla ya kupasua daktari hakunificha. "Mzee, mfupa unaweza kuunga, kifundo kikagoma kukunjika. Wewe unataka mguu ukufanyie nini?"

Binti yangu Neema alitegemea nitasema shamba. Nikasema, "Nataka kuchutama." Akaangalia dirishani.

Lakini hofu nilikuwa nayo kweli. Hapa kwake choo ni cha kukaa. Kwetu ni shimo, na mguu usiokunjika ungenifunga mjini mpaka nife nikisikiliza honi.

Basi juzi tumerudi hospitali. Kidonda kimefunga, mfupa umeunga. Daktari akabonyeza kifundo, akasema hakitakuwa kama zamani, baridi itakisumbua, na milima nishuke taratibu. Kisha akasema, "Haya mzee, chutama nione."

Nikashika kitanda, nikashuka. Kisigino kilinyanyuka kidogo, kikauma kidogo, lakini nikafika chini. Kwa raha niliyoona sikutaka kuinuka. Nesi akasema, "Basi babu, si hapa."

"Usiogope mjukuu, leo ni majaribio tu."

Daktari akageukia ukuta kucheka. Shida ni kuinuka. Walinivuta watu wawili.

Kwa hiyo narudi, mahindi yakianza kukauka nitakuwa hapo. Mke wangu Martha mwambie asizoee kitanda chote. Shemeji, mke wako, aliyetaka nifungwe vijiti na yule mganga wa mifupa, msalimie sana, vijiti awashie moto. Na mwinjilisti aliyeniombea nipokelewe mbinguni, mwambie wameahirisha.

Wewe sasa. Choo chako nilikichimba mimi, ulipolala ukiuguza mgongo wako. Nakudai. Nisimikie nguzo ndani ya choo changu, upande wa kulia, mahali mkono unapofika mtu akiwa chini. Halafu ingia uchutame, uivute kwa uzito wako wote. Ikibaki imesimama, mimi itanitosha.

Kaka yako mkubwa, na bado mzuri kuliko wewe,
Boay