Losheni ya Shija

Gongoni, Tabora

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika nikiwa nimepiga goti kabisa, maana kwenye simu unaniuliza tu "umekula?", na nikijibu, salio limekwisha. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Korosho mmeshaanza kuokota? Mimi mzima, nakula, nimenenepa. Huku asali hailambwi kwa ncha ya kidole kama kwetu Newala, chupa nzima inakaa mezani. Asubuhi nawaamkia watu "mwangaluka" kama nimezaliwa hapa. Wanacheka, lakini wanaitikia.

Sasa Mama, nina kesi na wewe. Tulia usome.

Kwenye kituo chetu cha kulelea watoto wadogo nina watoto kumi na wawili. Mmoja ni Shija, wa miaka minne, mwenye ualbino, na mdomo wake huo, wacha tu! Analelewa na bibi yake wa Kwihara, ambaye tangu binti yake amzae mjukuu huyo, alikuwa anamfungia mtoto ndani, kwa kuogopa jua na kuogopa watu. Siku alipomleta alimshusha mgongoni kafunikwa kanga mpaka usoni. Akaniambia, "Mwalimu, huyu ndiye niliyebaki naye. Akiungua mara moja tu, namrudisha ndani."

Akanikabidhi kofia pana na chupa ya losheni ya jua aliyopewa hospitali, ya kumtosha miezi mitatu. Apakwe nusu saa kabla ya kutoka nje, arudiwe kila baada ya saa mbili, masikio na shingo visisahaulike.

Basi siku ya kwanza nampaka, nageuka, wenzake wote wamejipanga mstari. "Na mimi, Mwalimu! Na mimi!" Wawili wakaanza kulia. Hapo ndipo nilipoisikia sauti yako ya jikoni: "Ukimpa mmoja, wape wote. Usipoweza, ficha." Ningeificha wapi, Mama? Nikawapaka wote, tena kwa upakaji wetu wa baada ya kuoga, ule ambao mtoto asipong'aa mpaka magotini hajapakwa. Walitoka na nyuso nyeupe kama waliochungulia gunia la unga. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikafanya hivyo kila siku, najiona mlezi mwenye haki kuliko wote Tabora nzima. Wiki ya pili nabonyeza chupa, inatoa upepo.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nililia kweli, nimejifungia chooni.

Sikufichi, shetani alinipitia. Alinambia nijaze losheni ya kawaida, nani atajua? Lakini ngozi ya Shija ingejua. Jioni nikamwambia bibi ukweli wote. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Aliinama tu, akamfunga mtoto mgongoni, akamfunika. Shija akapiga kelele njia nzima, "Sitaki kubebwa! Nataka kucheza!" Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa.

Jumamosi nikaenda hospitali kumweleza nesi. Alinisema huyo! "Hii ni dawa yake. Wewe dawa ya mwenzio unagawa kama karanga?" Alipomaliza akanipa chupa nyingine. Nikapanda bodaboda mpaka Kwihara.

Nilimkuta bibi anaanika michembe ya viazi vitamu, Shija anachungulia mlangoni. Nikamwambia, "Bibi, sina la kujitetea. Naomba nimpake mbele yako." Akawa ananitazama mikono. Nikapaka uso, nikapaka shingo. Mwishowe akasema, "Nyuma ya masikio umesahau." Mama, nilitamani nimkumbatie! Akaendelea, "Ulikuja kuniambia mwenyewe. Ungenificha, usingemwona tena."

Sasa kila mtoto ana chupa yake aliyotoka nayo nyumbani, mafuta ya nazi, ya mgando, yoyote. Kila mmoja ana alama yake chupani: mwenye mchoro wa kuku, mwenye mchoro wa treni, na Shija kachagua jua, mtundu yule. Nusu saa kabla ya mchezo wanakaa chini wanajipaka, mimi nanawa mikono nampaka Shija ya kwake. Hakuna anayelia. Zikipita saa mbili nikijisahau, wao ndio wanaopiga kelele: "Shija, mafuta!"

Juzi bibi alikuja mapema. Shija yuko uani, kofia kichwani, shati la mikono mirefu, anawakimbiza wenzake. Bibi akachuchumaa na kumgeuzia mgongo ambebe, kama kawaida yake. "Bibi, subiri," Shija akamwambia, "zamu yangu haijaisha." Nikashika roho mkononi. Bibi akasimama pale kidogo. Kisha ile kanga ya kumfunikia akaitandika barazani, akaikalia, akatulia kutazama mchezo mpaka ulipokwisha.

Nisalimie baba mdogo fundi baiskeli, mwambie huku baiskeli ni nyingi, angekosa usingizi kwa kazi. Dada na mume wake mpiga zumari wa harusi, nawasalimu. Shangazi yule wa kunitafutia mchumba mwambie nimemsamehe.

Anayekuletea barua hii ana galoni la asali. Majirani wakiliona, unajua mwenyewe sheria yako: ukimpa mmoja, wape wote. Usipoweza, Mama, ficha.

Ni mimi mwanao,
Hadija